Asiyeona naye anaweza kushika daftari la chama

KATIKA mji wa Tunduma mali haikai sana mahali pamoja. Mahindi yanashushwa asubuhi, jioni yamekwisha kupakiwa kwenye lori jingine. Mchele wa Kamsamba na maharage ya Ileje hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia mlaji. Lori likishavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, mfanyabiashara hubaki na vitu viwili tu, fedha na daftari. Fedha ikipungua, daftari ndilo shahidi.

Ndiyo sababu anayeshika daftari ndiye anayeshika biashara. Na ndiyo sababu mtu anayepoteza uwezo wa kuona huanza kupoteza nafasi yake hapo hapo. Kwanza humwomba mtoto amsomee namba. Baadaye kijana wa dukani ndiye anayeandika, mwenye mali anasikiliza. Mwisho wake anashauriwa apumzike nyumbani, ingawa anajua bei, wateja na njia zote za soko kuliko wale waliobaki. Anayesomewa daftari na mtu mwingine hana namna ya kujua kama aliyoambiwa ndiyo yaliyoandikwa.

Hali hiyo si ya lazima tena. Zipo programu za kompyuta zinazosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, na moja kati ya zinazotumika zaidi duniani haiuzwi, inatolewa bure. Kwa kutumia programu ya namna hiyo, karani asiyeona anaweza kuingiza mapokezi ya mazao, kutafuta deni la mteja na kutoa orodha ya malipo bila kuongozwa na mtu. Kinachoamua kama ataweza au atashindwa mara nyingi ni namna daftari lenyewe la kompyuta lilivyotengenezwa, na hilo liko mikononi mwa chama au mwenye duka anayelilipia.

Daftari la kutafutia

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 1,344,687. Oktoba 2019 marais wa wakati huo, John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia, walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Tunduma na Nakonde. Kadiri biashara inavyokua ndivyo kumbukumbu zake zinavyohamia kwenye kompyuta. Tangu msimu wa 2022/23 mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku hutakiwa kuwa amesajiliwa katika mfumo wa kidijitali. Vyama vya ushirika navyo vinaingizwa katika mfumo wa usimamizi unaojulikana kama MUVU, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Daftari la kompyuta la aina hii huitwa hifadhidata. Tofauti yake na daftari la karatasi ni kwamba jambo moja huandikwa mara moja tu, na mengine huunganishwa nalo kwa namba. Chama cha msingi cha kahawa, kwa mfano, kinaweza kuwa na majedwali matatu. La kwanza ni la wanachama, lina namba ya uanachama, jina, kijiji na simu. La pili ni la mapokezi, lina tarehe, namba ya mwanachama, kilo na daraja la kahawa. La tatu ni la malipo. Ikitajwa namba ya mwanachama, kompyuta huleta kilo zake zote za msimu, alicholipwa na anachodai. Karani wa daftari la karatasi angepekua kurasa nusu saa kupata jibu hilo.

Kwa asiyeona faida hiyo ni kubwa zaidi. Anayeona hupitisha macho kwenye ukurasa mzima na kudaka jina analotaka. Anayesikiliza hupokea neno baada ya neno, kwa hiyo kumsomea orodha ya watu 400 ni kumpotezea siku. Hifadhidata humletea rekodi moja tu aliyoiuliza.

Kompyuta inayosema

Programu ya kusoma skrini haina macho wala haipigi picha ya skrini. Huiuliza kompyuta yenyewe: mtumiaji yuko kwenye kisanduku gani, kinaitwaje, kimeandikwa nini ndani yake? Jibu hutamkwa kwa sauti, au hupelekwa kwenye kifaa cha nukta nundu. Mtumiaji hagusi kipanya, kazi yote huifanya kwa vitufe vya kibodi.

Wasioona wenyewe ndio waliokuwa mstari wa mbele kutengeneza programu hizi. Ted Henter wa Marekani, aliyekuwa mwendesha pikipiki za mashindano, alipoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978. Akajifunza kuandika programu, na mwaka 1989 kampuni yake ikatoa JAWS. Toleo la Windows lilifuata mwaka 1995. JAWS ni programu nzuri, lakini leseni yake ya kazi za ofisi imekuwa ikiuzwa kwa bei kubwa, fedha ambayo chama kidogo cha wakulima hakiwezi kuitoa kwa urahisi.

Mwaka 2006 kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, alianza kuandika programu nyingine ambayo mtu yeyote angeipata bure. Akaungana na mwenzake James Teh, ambaye naye haoni. Programu hiyo ni NVDA. Hufanya kazi kwenye kompyuta za Windows, na inaweza kuwekwa kwenye flashi, karani akaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi yoyote anayokwenda. Ndani yake mna sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Sauti yenyewe ni ya kimashine na sikio huhitaji muda kuizoea, lakini hutamka jina la Kiswahili vizuri kuliko sauti ya Kiingereza.

Mwenye uoni hafifu, wakiwamo watu wengi wenye ualbino, huenda asihitaji sauti kwa kila kitu. Windows ina kikuza maandishi chake, na rangi za skrini zinaweza kugeuzwa zikawa maandishi meupe juu ya weusi.

Siku ya mizani

Chukulia siku ya mapokezi katika chama cha msingi huko Mbozi. Mpima mizani anasoma uzito kwa sauti, mwanachama amesimama mbele ya mizani anatazama, na karani asiyeona yuko mezani na kompyuta mpakato, kisikilizi kimoja sikioni.

“Mama, namba yako ya uanachama?” anauliza karani.

Anafungua rekodi mpya na kuandika namba. Katika programu ya Microsoft Access, inayotumika sana kutengeneza hifadhidata za ofisi ndogo, vitufe vya Ctrl na alama ya kujumlisha hufungua rekodi mpya. Ctrl na nukta mkato huandika tarehe ya leo. Ctrl na alama ya mtajo mmoja hurudia kilichoandikwa kwenye rekodi iliyotangulia, jambo linalookoa muda pale wanachama kumi wa kijiji kimoja wanapofuatana. Kila akibonyeza Tab, sauti humtajia kisanduku kinachofuata: kijiji, daraja, kilo.

Akimaliza, karani anachomoa waya wa kisikilizi ili sauti itoke nje, na kompyuta inasoma kilo zilizoandikwa. Mama anasikia. Kama mizani ilisema kilo 53 na kompyuta inasema 35, kosa linajulikana papo hapo, kabla ya kuondoka kwenye foleni.

Hapa ndipo faida inapovuka kutoka kwa karani hadi kwa mkulima. Katika foleni ya mizani huwa wapo watu wasiojua kusoma, na wazee ambao macho yao hayaoni tena maandishi madogo ya stakabadhi. Wengi wao hupokea karatasi, wakaikunja na kuondoka wakimwamini Mungu na karani. Daftari linalosema huwapa nafasi ya kuhakiki hesabu yao wenyewe. Aidha, kwa kuwa mmoja anasoma mizani na mwingine anaandika, hakuna mtu mmoja mwenye uwezo wa kubadilisha uzito peke yake.

Fomu ndiyo kikwazo

Katika hifadhidata karani huandikia kwenye fomu, yaani ukurasa wenye visanduku. Fundi anayeitengeneza kwa kawaida anaona, na huitazama kwa macho yake. Ikimpendeza huikabidhi. Makosa yake hujitokeza pale anapokaa mtu anayeisikiliza.

La kwanza ni majina ya visanduku. Fundi akiandika neno “Kilo” karibu na kisanduku bila kuliunganisha nacho, anayeona ataelewa, lakini sauti itataja jina ambalo kompyuta ilikipa kisanduku hicho, mathalani “Text23”. Fomu yenye visanduku kumi vya namna hiyo ni sawa na ghala lenye milango kumi isiyoandikwa. Dawa yake ni kuunganisha kila lebo na kisanduku chake na kukipa kisanduku jina linaloeleweka, kazi ya dakika chache.

La pili ni mpangilio wa Tab. Fundi akiongeza kisanduku cha kijiji siku ya mwisho, mara nyingi kompyuta hukiweka mwishoni mwa safari hata kama kwenye skrini kinaonekana juu. Karani atatoka kwenye jina, akaruka hadi kilo, kisha akarudishwa kijiji baada ya kila kitu. Access ina sehemu ya kupanga safari hiyo upya.

La tatu ni rangi. Fundi wengi hupaka nyekundu jina la anayedaiwa. Sauti haisomi rangi hiyo karani anapopita kwenye visanduku. Liandikwe neno “DENI” kwenye kisanduku chake, na asiyeona pamoja na anayeona watalipata.

La nne ni jumla. Mara nyingi jumla ya kilo huwekwa chini ya fomu mahali ambapo Tab haifiki, hivyo karani hajui hata kama ipo. Kisanduku cha jumla kifungwe kisibadilishwe, lakini kiachwe kifikike.

La tano ni ripoti. Ukurasa unaoonyeshwa kabla ya kuchapa mara nyingi hausomeki kwa sauti, kwani hukaa kama picha. Orodha ya malipo ipelekwe kwenye Excel au Word, karani aisikilize mstari kwa mstari, ndipo ichapwe. Hali ni hiyo hiyo kwa stakabadhi zilizopigwa picha na kuhifadhiwa: picha ni picha, haina maneno ndani yake. NVDA inaweza kujaribu kutambua maandishi ya picha kwenye Windows za karibuni, lakini namba iliyoandikwa kwa mkono haifai kuaminiwa kwa njia hiyo.

Marekebisho yote haya hayahitaji mashine mpya wala programu nyingine. Bodi ya chama au mwenye duka anaweza kuweka sharti moja kwenye makubaliano na fundi: kabla ya malipo ya mwisho, skrini izimwe, mtu aingize rekodi tano kwa kusikiliza tu. Akishindwa, kazi haijaisha.

Mahali pa kujihadhari

Ikumbukwe kuwa hifadhidata ina mitego yake, na msikilizaji anapaswa kuijua kuliko mtu mwingine. Katika Access, ukifika kwenye kisanduku kwa Tab, maandishi yote ya ndani huwa yamechaguliwa. Kugusa herufi moja kwa bahati mbaya hufuta jina zima na kuweka herufi hiyo. Zaidi ya hapo, ukihamia rekodi nyingine mabadiliko hujihifadhi yenyewe bila kuuliza. Anayeona huenda akastuka kuona jina limepotea. Anayesikiliza anaweza kupita.

Kinga zipo. Kitufe cha Esc kikibonyezwa mara moja hurudisha kisanduku kilivyokuwa, na mara ya pili hurudisha rekodi nzima, mradi karani hajaondoka kwenye rekodi hiyo. Fomu ya mapokezi itengenezwe iwe ya kuongeza rekodi mpya tu, na ya kutazama kumbukumbu za zamani izuie kubadilisha. Fundi anaweza pia kuweka mipaka, kwa mfano kilo za mzigo mmoja zisiwe sifuri wala zisizidi kiasi kilichokubaliwa. Mtu akiandika 530 badala ya 53, kompyuta inakataa na kusoma onyo. Onyo hilo liandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka.

Namba nazo zina hila zake. Masikioni, mia tatu na sitini na mia sita na thelathini zinaweza kuchanganyika katika kelele za soko. Karani akibonyeza F2 anaingia ndani ya kisanduku, kisha kwa vishale anasikia tarakimu moja baada ya nyingine: tatu, sita, sifuri. Kwa malipo ya fedha hii iwe kanuni.

Usiri ni jambo jingine. Sauti ikitoka nje muda wote, mteja wa pili atasikia deni la wa kwanza. Kisikilizi kitumike, na sauti itolewe nje kwa mwenye rekodi peke yake. NVDA ina pazia la skrini linaloifanya iwe nyeusi kabisa huku kazi ikiendelea, hivyo hakuna anayechungulia kwa nyuma. Nywila iwekwe, hasa kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya majina na simu za watu azilinde. Kila jioni nakala ya faili ihifadhiwe pengine, maana kompyuta iliyoibwa au kuungua huondoka na msimu mzima.

Pa kuanzia

Mfanyabiashara mdogo hahitaji kuanza na majedwali matatu. Anaweza kuanza na orodha moja ya Excel: tarehe, mteja, magunia, bei, alicholipa, anachodaiwa. Vichwa vya safu viwe kwenye mstari wa kwanza, kusiwe na mistari mitupu katikati wala visanduku vilivyounganishwa kwa ajili ya urembo. NVDA ikielekezwa mstari wa vichwa ulipo, itataja “magunia” au “bei” kila mtumiaji anapohama safu. Orodha ikikua na majina kuanza kurudiwa rudiwa, hapo ndipo pa kuhamia kwenye hifadhidata kamili.

Asiye na kompyuta anaweza kuanza na simu. Simu nyingi za Android zina programu ya kusoma skrini iitwayo TalkBack, na iPhone zina VoiceOver tangu mwaka 2009. Kwa simu mtu hujifunza kwanza kuamini sauti. Hata hivyo, kwa kazi ya kuingiza rekodi mia kwa siku, kibodi ya kompyuta ni nyepesi zaidi.

Ujuzi wa kuchapa bila kutazama vitufe ndio ada ya kwanza. Vitufe vya F na J vina alama ndogo za kugusa kwa kidole, na vidole vyote hupangwa kuanzia hapo. Asiyeharakisha hatua hii hujifunza yanayofuata kwa urahisi.

Gharama inayobaki ni ya kompyuta yenyewe na leseni ya programu ya hifadhidata. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kompyuta ya kutunzia hesabu za mradi ni kifaa cha kazi kama ilivyo mashine ya kukoboa, na mwombaji asione haya kuiandika kwenye andiko lake la mradi.

Kwa waajiri, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3 kati yao. Vyama vingi vya msingi na maduka ya Tunduma hayafikii idadi hiyo ya wafanyakazi, lakini hoja ya biashara inabaki pale pale. Karani aliyekaa na chama misimu kumi anamjua kila mwanachama kwa sauti yake, anajua nani huleta kahawa mbichi na nani huja na gunia la jirani. Kumwondoa kwa sababu ya macho ni kutupa maarifa hayo yote ili kuokoa siku mbili za kazi ya fundi wa fomu.

Kabla msimu ujao haujafika na mizani haijatundikwa, viongozi wa vyama wanaweza kufanya jaribio dogo. Wazime skrini ya kompyuta ya ofisi, wafungue rekodi ya mwanachama mmoja na kusikiliza. Wakisikia jina, kijiji na kilo, daftari lao liko tayari kwa kila mtu. Wakisikia “Text23”, wamwite fundi.